Isale Kwenye Meza ya Mzee Philemoni

Mzee Philemoni wa Kijenge hakuhesabu miaka kama mimi na wewe. Yeye alihesabu misimu ya kahawa. Ukimwuliza alioa lini, atakwambia, "Ule msimu mibuni ilichanua mara mbili." Lakini ukimwuliza aliacha lini kuongea na mdogo wake Reginald, jibu litatoka jikoni kwa mkewe, Hanna: "Msimu wa nyanya."

Ngoja nianze mwanzo, maana huyu Hanna ndiye aliyenisimulia, tukichambua maharage kibarazani kwake.

Baba yao alitoka Machame, akaja kufanya kazi kwenye shamba la mzungu juu ya Tengeru, akajipatia kihamba, shamba lake la nyumbani, upande wa Maji ya Chai. Akapanda mibuni mia mbili. Philemoni alikuwa na miaka saba, na kazi yake ilikuwa kuushika mche usimame wima wakati baba anashindilia udongo kwa kisigino. Reginald alikuwa bado hajazaliwa. Philemoni alipokua, akaajiriwa shamba lile lile, kwanza kupogoa, mwishowe nyapara wa kitalu. Mzungu akaondoka, serikali ikaja, yeye yupo na miche yake. Miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu akahamia Kijenge kwa mkewe aliyekuwa na cherehani mjini, na kihamba cha baba kikabaki kwa Reginald, kwa kuwa kwao kitinda mimba ndiye hurithi nyumba ya wazazi.

Halafu ikaja ile biashara huria. Mnakumbuka wenyewe. Bei ya kahawa ikaanguka, na huku Tengeru malori ya Nairobi yanapanga foleni kutafuta nyanya. Reginald ana watoto watano, wote shule. Asubuhi moja akaita vijana wenye majembe, wakang'oa mibuni.

Hakumwambia kaka yake. Kosa lilikuwa hapo, na Reginald mwenyewe alilijua. Philemoni alikwenda kusalimia akakuta mashina yamepangwa kando ya barabara kama kuni. Akaokota moja, akarudi nalo Kijenge, akaliweka juu ya kabati. Tangu siku ile hakukanyaga tena Maji ya Chai. Miaka minne.

Sasa binti wa Philemoni na Hanna, Agnela, karani wa kampuni ya utalii pale mjini, akapata mchumba. Harusi Desemba ile ya tisini na sita. Na katika ukoo wao binti hatolewi nyumbani na baba peke yake. Baba na ndugu yake husimama mlangoni pamoja, kila mmoja ameshika mkono wake mmoja, ndipo anatoka. Anayetolewa na mmoja, watu husema ametoroshwa. Zilibaki wiki mbili, na hakuna aliyethubutu kumtajia mzee jina la Reginald.

"Mama," Agnela akasema, "nitawapeleka wote wawili kula. Mbele za watu hawatagombana."

"Humjui baba yako," Hanna akamjibu. "Lakini mimi nitavaa viatu vizuri."

Mahali alipopachagua ni kule kule kwenye shamba alikofanya kazi baba yake. Serikali ilikuwa imeliuza, na tajiri aliyelinunua aliigeuza ile nyumba kubwa ya mzungu kuwa mgahawa wa watalii: vitambaa vyeupe, mvinyo wa Afrika Kusini, na kila meza imeelekea mistari ya mibuni mpaka chini mtoni, na Mlima Meru juu yako. Agnela alikuwa akipeleka wageni wake pale. Akamwambia baba ni mlo wa kuagana naye kabla ya harusi. Baba mdogo naye akaambiwa vile vile.

Jumapili, ibada ilipokwisha, wakapanda. Philemoni amevaa koti lake la kijivu. Walipofika kwenye ngazi za baraza akasimama.

"Vipi, magoti?" Hanna akauliza.

"Hapana. Miaka yote ile nilikuwa naishia hapa. Karani wa mzungu anasimama pale juu, sisi hapa chini, kofia mkononi."

"Basi leo panda. Karani ameshakufa."

Akapanda. Wakaketishwa meza ya ukingoni, na mzee hata kiti hakukiangalia, anaangalia shamba. "Ule mstari wa tatu nimeupanda mimi," akasema. "Na wa nne. Pale penye mti wa kivuli palikuwa na kitalu. Tulikuwa tunakula viazi vya kuchoma pale, saa nne, mvua ikinyesha." Akanyoosha kidole. "Nani anapogoa hapa siku hizi? Ameacha machipukizi mengi."

"Baba Agnela, umekuja kula. Hukuja kukagua."

Aliyewahudumia ni mama mmoja Mmaasai wa makamo kutoka Kisongo, jina lake Nosim. Alimwamkia mzee shikamoo kwa heshima zote, akafungua chupa, akamimina tone tu kwenye bilauri ya mzee, akasimama kusubiri. Mzee akaitazama bilauri.

"Mama, hata mchungaji wetu hutoa zaidi ya hii."

"Ni ya kuonja, mzee. Ukisema ni nzuri, ndipo naendelea."

"Ahaa. Kama mbege. Mwenye pombe aonje kwanza." Akaonja. "Ina ukali. Endelea."

Agnela akatazama saa, akasema anakwenda getini mara moja. Hapo ndipo mzee alipoiangalia meza mbele yake kwa mara ya kwanza. Juu ya sahani palikuwa na kitambaa cha kufutia mikono kimeviringishwa, na kilichokifunga ni jani la isale. Limepigwa fundo.

Nyinyi wa huku mnalijua isale, lakini huenda anasikiliza mgeni, nimweleze. Ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani. Kwa Wachaga, aliyekukosea akikuletea isale lenye fundo, ameomba msamaha kwa namna isiyo na nyingine juu yake. Hukatai. Hata kama amekuulia ng'ombe, hukatai. Babu zako hawatakuelewa.

Philemoni akalishika lile jani, hakulifungua.

"Yuko wapi?" akamwuliza mkewe.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto, Hanna. Reginald. Ameleta hili, kisha amejificha."

Sasa sikiliza. Hanna alikuwa tayari ameshaona. Kila meza pale barazani, kuanzia ya wazungu wawili wazee mpaka ile tupu ya kona, vitambaa vyake vimefungwa isale. Pambo. Alikuwa na neno mdomoni la kumwambia mumewe, akalimeza na mvinyo. "Nilijiambia," akaniambia, "mimi sikulifunga, na mimi silifungui."

Mzee akautazama ule mstari wa tatu. Kisha akalitoa jani kwenye kitambaa na fundo lake, akalitia mfuko wa ndani wa koti.

Reginald akatokea kwenye ngazi na Agnela. Alikuwa ameambiwa getini kwamba kaka yake yumo ndani, na uso wake ulionyesha. Akaja mpaka mezani, akainama.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kaa. Nimelipokea."

Reginald hakuelewa amepokea nini. Akakaa, na pale mbele yake, juu ya sahani yake, isale. Lina fundo.

"Kaka," akasema, "wewe ndiye uliyekosewa. Iweje uniombe radhi wewe? Mimi ndiye niliyeng'oa. Nilikaa siku tatu nikitafuta namna ya kukwambia, nikaona nikikwambia utakataa, na ada ya shule haingoji. Nikang'oa. Halafu nikaogopa. Isale nimelikata mara mbili, kaka, nikafika nalo mpaka Kijenge kwenye daraja, nikarudi nalo."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Basi hili la tatu umefika nalo."

"Hili silo langu. Si wewe uliyeniletea?"

Wakatazamana. Nosim alikuwa amefika na supu. Philemoni akainua macho, akaziona meza nyingine, moja baada ya nyingine.

"Mama," akasema polepole, "haya majani nani ameweka?"

"Mimi, mzee. Bosi alisema yanapendeza. Kuna ubaya?" Akawatazama wote wanne. "Ni ya kuapia? Sisi kwetu tungeshika nyasi za malisho. Naomba radhi, ngoja niyaondoe."

Akanyoosha mkono kuchukua la Reginald. Mzee akauzuia mkono wa yule mama kwa kiganja chake.

"Liache. Langu liko mfukoni, na huu mfuko hautoi kitu. Mwulize mke wangu."

"Ni kweli," Hanna akasema. "Una tundu, ila hautoi."

Reginald akacheka, kisha ikawa si kicheko tena, akachukua kile kitambaa akajifuta macho. Lile jani akalitia mfuko wa shati. Supu ikapoa. Baadaye, wakiletewa kahawa ya pale pale shambani, Reginald akasema huku anatazama kikombe, "Ile mibuni ya kaburini kwa baba sikuigusa. Iko kumi na minne."

Kaka yake alikuwa hajui. Angejuaje, miaka minne hakwenda.

"Inapogolewa?"

"Napogoa mwenyewe. Vibaya."

"Nitakuja Jumatano," mzee akasema.

Agnela alitolewa mlangoni Kijenge na watu wawili, mkono huku na mkono huku. Nyanya za chakula cha siku ile zilitoka Maji ya Chai, matenga manane, na Hanna akaona kazi yake ni kumwambia mumewe zimetoka wapi wakati tayari ana tonge mdomoni. Mzee alitafuna mpaka akamaliza. Akasogeza sahani.

"Niongezee mchuzi," akasema.