Majani ya Kiwanja cha Riruta

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kalamu, chupa ya wino na onyo. Bwana Afisa wa Michezo, mzungu mwembamba wa soksi ndefu, alinionyesha kabati la mafaili pale ofisini mjini akasema, "Wewe karani, hapana cheza na karatasi yangu." Nikaitikia, "Ndiyo, Bwana." Nilikuwa nimetoka Bungoma juzi tu.

Kazi yenyewe ninyi wa kompyuta mtaicheka. Kila klabu ya vijana ilikuwa na faili lake, na ndani yake hati ya kiwanja na risiti za ada, yaani pesa ambazo klabu ililipa kila mwezi ili isifutwe. Vijana walizipata mlangoni mwa kiwanja siku ya mechi: mtazamaji alitoa senti zake, akaingia. Ilipotangazwa Hali ya Hatari, mikusanyiko ilipigwa marufuku, ligi ikafungwa. Ada haikufungwa.

Klabu zikaanza kudaiwa, moja baada ya nyingine. Vijana wa Riruta peke yao walilipa, tena mapema. Mimi udadisi nimezaliwa nao, na jambo lile lilinikereketa. Wanazitoa wapi? Afisa aliponituma kukagua viwanja, nilianza na Riruta.

"Kama majani mrefu, sisi nachukua kiwanja," alisema. "Kama wao nafanya biashara hapo, nachukua pia."

Nilifika kwa baiskeli nikakuta kiwanja kimenyolewa safi. Kando ya goli palikuwa na matita ya majani yaliyofungwa kwa kamba. Nahodha wao, Mutua, seremala kijana kutoka Machakos, alikuwa akinoa fyekeo.

"Mnauza majani?" nikauliza.

"Karani, mechi imefungwa, lakini majani haijaambiwa," akacheka. "Inaota tu. Na ng'ombe ya watu lazima ikule." Kisha kicheko kikamkauka. "Sasa utatuandika?"

Nilifungua fomu. Majani: mafupi. Magoli: yamesimama. Fomu haikuuliza majani yamekwenda wapi, na mimi sikuiongezea swali.

"Nani nakata?" Afisa aliniuliza kesho yake.

"Wachezaji wenyewe, Bwana."

"Mzuri sana." Akagonga muhuri.

Wiki ileile nahodha wa Kawangware, Okwiri, alikuja dirishani kwangu na kofia mkononi. Walidaiwa miezi mitatu, na majani yao yalifika kiunoni.

"Ndugu yangu," alisema, maana sote tulikuwa watu wa magharibi, "hawa wenzetu wa Riruta wanafanyaje?"

Nilijua. Lakini siri ya wawili huvuja, sembuse ya klabu mbili, na kiti changu nilikipenda. "Sijui," nikamwambia. Alinishukuru, akaenda zake. Mwezi uliofuata nililifunga faili lao kwa mkono wangu huu, na kiwanja kikachukuliwa.

Nimetumikia maafisa watatu, nikawa karani mkuu, nikastaafu na saa ya mezani. Riruta wajukuu wa Mutua bado wanapiga mpira palepale, na nikiwaona hufurahi kama mjinga. Kiwanja cha Kawangware sasa ni maduka tu. Watu husema nilikuwa karani mwaminifu, hata barua yangu ya kustaafu inasema hivyo. Duka ninakonunua sukari, kwa kukadiria kwangu, liko palipokuwa na goli lao la chini. Okwiri aliniuliza kwa heshima, nami jibu nilikuwa nalo.