Nilipotazama Nyuma Nikiwa na Matubwitubwi

Iko siku moja ambayo huwa naikumbuka, mjukuu wangu, kila nikinyoa ndevu. Wembe ukifika hapa chini ya sikio najikuta natabasamu peke yangu. Jana uliponiambia kwamba matubwitubwi ni ugonjwa mdogo, kwamba katika kitabu chako kinene cha virusi haujazi hata ukurasa, nilikuacha umalize. Sasa kifunge kidogo. Kunywa uji huku ukinisikiliza.

Nilikuwa taniboi, kijana wa kumsaidia dereva wa trela, tukipanga foleni Malaba kuvuka kwenda Uganda. Nilikuwa na nguvu, na maringo je, weh! Nilikuwa nimemposa msichana wa Butula aitwaye Ajiambo, na wazee wa pande zote mbili walishakubaliana. Asubuhi moja nikaamka mashavu yamefura, shingo imepotea, mate hayamezeki. Dereva akanitazama, akasema, "Boss, wewe nenda nyumbani. Huo uso utatufungia mpaka."

Nyumbani Matayos nilimkuta kukhu, nyanya yangu aliyenilea. Unajua kwetu matubwitubwi yalivyotibiwa: unajitwika kuni, unauzunguka mti wa murembe mbio ukiuomba uchukue ugonjwa wako, unatupa kuni hapo, kisha unarudi bila kutazama nyuma. Ukitazama, ugonjwa unakufuata. Hiyo ni dawa ya watoto, na mimi nilikuwa na ndevu! Lakini nani angebishana na kukhu? Nikazunguka, nikatupa kuni, nikashika njia ya kurudi. Hapo nikasikia kicheko nyuma yangu. Ajiambo alikuwa amekuja kunijulia hali, akawa ameniona mtu mzima nikikimbia na kuni kichwani, akashindwa kujizuia. Nikatazama nyuma.

Siku chache baadaye homa ilirudi kali, na korodani moja ikavimba. Usiinamishe macho, wewe unasomea udaktari. Kukhu alipojua aliketi chini, akajishika kichwa. "Woyi! Huyu msichana ameniharibia mtoto. Sasa hatazaa." Habari ikazunguka kijiji, na mjomba wangu akaanza kusema posa ivunjwe. Ajiambo alileta uji, akafukuzwa langoni. Nilimsikia akilia huko nje, nami niko kitandani siwezi kuinuka. Uchungu wa mwili niliusahau kabisa, mwanangu. Nilijua nampoteza.

Kunipandisha baiskeli katika hali ile haikuwezekana, kwa hivyo mjomba akaenda kumwita daktari wa kituo cha afya. Alikuwa mtu wa kabila la Wateso, mpole, mwenye sauti ya chini. Akanawa mikono, akafunga mlango, akanipima bila kuharakisha.

"Nidunge sindano, daktari," nikamwomba. "Ile kali kabisa."

"Sindano ninayo. Lakini hivi ni virusi, na sina sindano ya kuviua. Nikikudunga nitakuwa nakudanganya ili uniite daktari mzuri."

Akanipa vidonge vya maumivu. Akanionyesha namna ya kuegemeza ule uvimbe kwa kitambaa na kuupoza kwa maji baridi, akaniambia nilale tu, na kikombe changu mtu mwingine asinywee. Ndipo nikamuuliza nilichokuwa naogopa kuuliza. "Nitazaa?"

Alifikiri kwanza. "Wengi wanazaa, hasa ikivimba moja. Lakini wewe, kijana, sijui. Nikisema najua, ni uongo. Nitakuwa napita kukuona."

Nilidhani anaenda zake. Kumbe alitoka nje akaketi na kukhu, na mimi nawasikia dirishani. Akamuuliza kama aliwahi kuona mwanamume mzima akipatwa na matubwitubwi. Kukhu akamtaja kaka yake, naye alivimba vivyo hivyo.

"Na yeye alitazama nyuma?"

"Yeye hata mtini hakupelekwa," kukhu akasema.

"Mama, ugonjwa huu ukimpata mwanamume mzima, wakati mwingine unateremka wenyewe hadi huko chini. Msichana hana kosa. Na ule mti nao hauna kosa."

Mpaka leo nampenda kwa maneno hayo ya mwisho. Angeweza kumcheka kukhu, na kukhu angekasirika, na Ajiambo angebaki na lawama zake. Badala yake kukhu alijifunga leso akaenda Butula mwenyewe kumchukua msichana. Ajiambo aliambiwa lile neno la "sijui" vile lilivyo. Akasema, "Basi tutangoja wote."

Daktari alipita kama alivyoahidi. Hakuwa na dawa mpya. Aliketi, akauliza, akanitania kidogo kuhusu zile kuni, akaenda. Tulioana, tukangoja, tena tulingoja hadi majirani wakaanza kunong'ona. Mama yako alipozaliwa, yule mzee alikuwa ameshastaafu. Alikuja hata hivyo. Akambeba, akamtazama sana, akaniambia, "Sasa najua." Nililia, mwanangu, mbele ya watu.

Kwa hivyo sikiliza. Virusi vingi utakavyokutana navyo huko hutakuwa na dawa ya kuviua. Usijifiche nyuma ya sindano isiyo na kazi. Sema ukweli hata kama ukweli wenyewe ni "sijui", halafu usimwache mgonjwa, rudi umwone. Na kabla hujafunga mkoba wako, uliza ni nani katika nyumba hiyo anabebeshwa lawama, maana huyo naye ni mgonjwa wako.

Mungu aibariki mikono yako, akupe macho ya huruma na ulimi usiodanganya. Nenda ukasome. Na ukimsikia nyanya yako Ajiambo akicheka huko jikoni, geuka umtazame. Mimi niligeuka, na sijajuta.