Okidi Isiyo na Udongo

Jumamosi moja ya baridi ndiyo iliyonifunza kutotia mkono nisipoitwa, mwanangu, nami naikumbuka kama jana. Kaa hapo usikilize. Bado nimekasirika, sitakuficha.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Hapa Neasden, huku kwa Waingereza, palikuwa na ukumbi ambamo mzee wa Kichina, Mwalimu Wen, alikuwa akitufundisha kuchora kwa wino. Tulisaga wino kwenye jiwe, tukachora mimea ile ile mwaka mzima, na kila mmoja una maana yake. Mwanzi ni mtu asiyejikweza, kwa kuwa ndani ni mtupu. Mplamu, mti wa matunda wa kwao, hutoa maua theluji ikiwa bado chini; huyo ni mtu asiyevunjwa na shida. Okidi huchanua bondeni pasipo wa kuitazama, kama mtu mwema asiyetafuta kusifiwa. Nilizijua zote kwa moyo, nikajiona bingwa.

Siku hiyo Mwalimu alimaliza okidi aliyoihangaikia miezi, maana mkono ulishaanza kumtetemeka. Ilikuwa ya kumpelekea dada yake, ambaye hawakuonana tangu Mwalimu alipoikimbia nchi yao. Akaenda kuchemsha chai. Mimi nikaona mizizi ya ua inaning'inia hewani. Masikini mzee, nikasema moyoni, amesahau udongo. Nikachukua brashi, nikamwekea.

Wino ule karatasi huunywa papo hapo. Haufutiki.

Aliporudi hakunifokea. Aliweka vikombe chini, akasema, "Sikusahau. Ardhi yetu ilichukuliwa, ndiyo maana ua langu halina pa kusimama, na bado limechanua. Sasa wewe umemwambia dada yangu kwamba mimi niko nyumbani."

Akanipa picha niondoke nayo. Nilimweleza Bibi yako nikidhani atanitetea. Akaniuliza mbona sikumjengea na ukuta wa bustani. Kisha akaufunika ule udongo kwa kiganja, akaitazama mizizi kwa muda mrefu. Mwanamke huyu alitoka Unguja baada ya Mapinduzi akiwa na mimi mgongoni, na sikuwahi kumwona akilia. Siku hiyo alilia. Ndiyo picha iliyo juu ya cherehani yake, ile yenye kipande cha karatasi kilichogandishwa chini kuuficha udongo wangu. Unaiona kila siku, hujauliza hata mara moja.

Sasa jana. Daktari kamwuliza Bibi analalaje. Bibi kasema, kwa Kiswahili unachokielewa vizuri sana, kwamba kila akifumba macho anasikia mlango wa nyumba yetu ya Unguja ukivunjwa, na kifua kinambana. Wewe ukamwambia daktari kwa Kiingereza: hajambo, kachoka tu. Umeona haya, ukamtengenezea jibu. Bibi kakuelewa. Kiingereza hakisemi, lakini anakisikia, naye ndiye aliyenieleza.

Mtu akikuonyesha mizizi yake wazi, usimwekee udongo ili wewe ustarehe. Ukipewa maneno ya mtu uyabebe, yafikishe yalivyo, hata yakikuaibisha. Mimi niliharibu picha. Wewe unacheza na kifua cha Bibi yako.

Jumatatu mnarudi kwa daktari, nimeshapiga simu. Utasema neno kwa neno, na mlango utautaja.

Yuko jikoni, nenda kamwombe radhi. Mungu akujaalie ulimi mwaminifu, mwanangu, na siku utakapozeeka akupe wa kukusemea asiyekupunguza.