Fagio Chini ya Mkorosho

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitoka nyanda za juu, kwenye kahawa na migomba. Alipohamishiwa kwetu Kipatimu alikuwa hajawahi kuuona mkorosho. Alikuja na binti yake mdogo, ambaye hata umri wa kuanza shule alikuwa hajaufikia. Masika ya mwaka wetu wa kidato cha nne, homa ikamchukua yule mtoto. Mvua ilikuwa imeikata barabara ya kwenda Nangurukuru na hakuna gari lililoweza kushuka, basi akazikwa palepale kwetu, kwenye makaburi ya misheni, mbali na ndugu zake wote. Tangu siku ile mwalimu, mama yake, hakukanyaga tena makaburini. Njia ya mkato ya kutoka kwake hadi shuleni ilipita hapo. Yeye akawa anazunguka kupitia sokoni, juani, na vitabu vyake kwapani.

Tulimpenda, na nasema bila aibu kwamba mimi nilimpenda kupita wote. Mpaka leo, nikisimama mbele ya wanafunzi wangu mwenyewe hapa Lindi, namwiga yeye, na nikimaliza kipindi najua kabisa kwamba sijamfikia. Sisi tulikuja kwake tukiwa mashine za mtihani. Ua ni ujana, usiku ni kifo, njia ni maisha. Ukitupa shairi tunalikamua dhamira kabla hatujalisoma. Yeye alikuwa akitucheka. "Kwanza niambieni mmeona nini," alikuwa akisema. "Usiku mwingine ni usiku tu, jamani." Alisoma shairi polepole, kitabu amekifunga, na hata wale watoro sugu wa nyuma walinyamaza.

Ilipofika miezi ile ambayo kila nyumba kwetu iko shambani ikipalilia na kufagia chini ya mikorosho, akaingia darasani asubuhi moja na kuandika ubeti mmoja ubaoni. Jina la mtunzi hakuliandika.

Korosho imedondoka, jua halijasimama,
Hapo ilipoanguka, pamefagiwa mapema,
Fagio nani kashika, nikiwa bado nalima?
Mkono umenyooka, kuokota umegoma.

Hatukuhitaji kuambiwa ni la nani. Darasa zima liliinamia madawati. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikastaajabu: mwanamke yule amewezaje kuupima msiba wake kwa mizani, usizidi wala usipungue, na bado mkono wake ukaandika herufi zilizonyooka vile?

"Haya," alisema. "Mmeona nini?"

Kiranja wetu akajibu vizuri, kwa sauti ndogo. Korosho ni mtoto. Jua ambalo halijasimama ni umri wake, kwamba hata mchana wa maisha hakuuona. Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Na fagio?"

Mimi nina mdomo, sikuumbiwa subira. Nikanyoosha mkono. "Fagio ni mapokezi, madamu."

Darasa likaguna kukubali, kana kwamba nimesema maji ni maji. Mwalimu akanitazama. "Mapokezi? Mahali pamefagiwa kabla haijaanguka. Mwenye kufagia alijua itakuja kuanguka. Mimi ninapoona watu wanafagia chini ya miti hii, nasikia baridi. Huyo si kifo, anayetayarisha mahali pake?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miezi yote ile alikuwa akipita kwenye mashamba yetu akiona kitu kingine kabisa. Nikamweleza. Korosho huku hatuipandii mtini kuichuma. Tunaingoja idondoke yenyewe, kisha tunaokota. Sasa ikidondokea kwenye majani haionekani, inaoza au inaliwa na wadudu. Ndiyo maana tunafagia mapema. "Anayefagia hataki iliyoanguka ipotee, madamu. Hana ubaya nayo."

"Kwetu kahawa tunachuma," alisema taratibu. "Ikidondoka chini, tunahesabu hasara."

Msichana mmoja, kwa nia njema, akaongeza, "Na iliyodondoka ndiyo iliyoiva, madamu."

"Hapana." Alisema kwa ukali ambao hatukuwahi kuusikia kwake. "Hiyo haikuiva. Someni mstari wa kwanza. Asiniambie mtu kwamba iliiva." Kisha akageuka, akapigia mstari neno fagio. "Lakini hili, mtunzi hakulikusudia mlivyolisema, na shairi linakubali. Linakubali kabisa. Andikeni jibu lenu."

Nimewaona wasomi wakitetea tafsiri zao kwa povu la mdomo. Yeye aliiacha ya kwake mbele yetu, watoto wa shule, tena katika shairi la kifo cha mwanawe. Sijaona ushujaa wa namna hiyo tena.

Jioni alichukua fagio la darasa. Aliniambia, "Twende, njia ni moja." Shamba letu linapakana na makaburi ya misheni, lakini mwaka ule nilikuwa nimesamehewa kazi za shamba kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo sikujua yanayofanyika huko. Alitembea mbele yangu haraka, na tulipofika kwenye msalaba mdogo wa mbao akasimama ghafla.

Pale hapakuwa na jani la kufagia. Udongo ulikuwa safi, una mistari ya fagio iliyopinda, mipya ya siku ileile. Mama yangu alikuwa hatua chache kutoka pale, chini ya mkorosho wetu wa mwisho, kainama na fagio lake la chelewa.

"Shikamoo, mama," mwalimu akasema. "Nani amefagia hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi." Mama akajinyoosha mgongo. "Nikimaliza mikorosho huwa nafika na hapo. Mtoto wa watu, yuko ugenini, nimwache kwenye majani?"

Mwalimu alitua fagio chini na kupiga magoti. Upepo ukaangusha jani moja la mkorosho juu ya kaburi. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono, akaliokota.