Tambara Bila Mkia

Siku yangu ya kwanza gereji, pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, sikukabidhiwa spana. Fundi Mkuu alinipa rundo la matambara, nguo chakavu kutoka soko la mitumba la Mchikichini, akaniambia niyahesabu. Niliyahesabu mara mbili huku nimenuna, maana nilikuja kujifunza injini, si kazi ya dobi.

"Jioni nitakuuliza kila moja liko wapi," alisema. "Na ukiziba tundu lolote, tambara liache mkia nje. Lisilo na mkia utalisahau."

Vijana wa siku hizi mnachomeka mashine ya kupima, mnasoma namba, mnabadilisha kifaa. Siwalaumu. Au tuseme nawalaumu kidogo. Sisi tulifundishwa kwamba gari lisilovuta limenyimwa kimoja kati ya vitatu: moto, mafuta au pumzi. Moto ni plagi. Mafuta ni pampu na chujio lake. Pumzi ni hewa inayopita kwenye mpira mnene hadi throto, kile kimlango kinachofunguka ukikanyaga mafuta, halafu moshi utoke kwenye silensa bila kizuizi.

Baadaye nilihamia karakana ya malori karibu na reli, chini ya Msimamizi wa Karakana, mtu mkali aliyekuwa akisema, "Funga mdomo, injini inaongea." Nilikaa kwake miaka mingi. Niliporudi Gerezani, Fundi Mkuu nilikuwa mimi, na magari yaliyowashinda wengine yaliletwa kwangu. Nilivimba kichwa, sifichi.

Ndipo akaja Mama Eliya, muuza vyombo vya plastiki wa jumla Kariakoo, mwenyeji wa Kilimanjaro. Mumewe, Baba Eliya, alikuwa mteja wangu, na alikuwa amefariki miezi michache nyuma.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Pole sana na msiba."

"Asante. Fundi, gari inanikataa. Mjini inaenda vizuri tu. Nikipeleka mzigo Kibaha, ikifika mlima wa Kimara inaishiwa nguvu, inahema. Nazima, nasali, nawasha, inaenda. Na hiyo ndiyo njia tuliyompitisha Baba Eliya kwenda kumzika Moshi."

Niliondoa mkono kwenye boneti, nikajifanya kukohoa.

Akanieleza lililokuwa likimnyima usingizi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa anadai marehemu mwenyewe hataki mjane aliendeshe gari lile, lirudi kwa ukoo. Kikao cha familia kilikuwa Jumamosi. Bila gari, wateja wa Kibaha wangemponyoka, na watoto walikuwa bado shuleni.

Nilikagua plagi, pampu, chujio, silensa. Vyote vizima. Nililizungusha Gerezani, lakini kwenye foleni ile nani atakanyaga mafuta hadi mwisho? Halikukohoa hata mara moja. Na mimi, mtu mzima, nikaanza kuliangalia kwa wasiwasi.

Alhamisi tukaenda Kimara. Mama Eliya aliendesha, mimi nikakaa pembeni yake, na shemeji akapanda nyuma, eti awe shahidi. Mlimani alikanyaga mafuta. Injini ilinguruma, kisha sauti ikazama ndani kwa ndani, kama mtu aliyezibwa mdomo. Akasogea pembeni ya barabara, akazima. Kabla ya kimya kuingia, kitu kilishusha pumzi chini ya boneti. Fyuuu. Sote watatu tulisikia.

Hapo nikaelewa. Kuna kitu kilikuwa kinavutwa na hewa hadi kwenye throto, na gari likizimwa kinaanguka. Tukashuka, nikafungua boneti, nikalegeza mpira, nikaingiza mkono, vidole vikagusa nguo. Nikavuta. Kikatoka kipande cha shati la buluu, na kifungo kimoja cheupe.

"Mungu wangu," Mama Eliya alinong'ona, akirudi nyuma hadi karibu aingie barabarani. "Shati la Baba Eliya."

"Shemeji, nilikwambia nini?" alisema mdogo wa marehemu.

Mimi nilijua shati lile lilifikaje humo. Baba Eliya mwenyewe aliniletea nguo zake kuukuu nizifanye matambara. Mara ya mwisho alipoleta gari nilisafisha throto, nikaziba mpira vumbi lisiingie, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi nikafunga. Tambara halikuwa na mkia. Wiki ile ile mzee akaugua, gari likalala uani hadi baada ya mazishi.

Maneno mawili tu yangemwokoa yule mama: nililisahau mimi. Lakini mbele ya shemeji, mimi Fundi Mkuu wa kusifiwa mtaa mzima? Nililitia tambara mfukoni haraka, nikasema, "Limetoka. Sasa litavuta."

Na kweli lilivuta. Ila Mama Eliya hakungoja kikao, alikabidhi funguo mwenyewe. Shemeji akaliendesha, na halikumkosea hata siku moja.

"Umeona, fundi?" Mama Eliya aliniambia tulipokutana. "Kwake imetulia." Nikaitikia kwa kichwa. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Mwaka jana magoti yalinistaafisha. Watu huniuliza gari gani lilinishinda, nami nawatajia malori. Mwezi uliopita nilikwenda dukani kwake, nikamkuta anapanga mabeseni. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, bila kujitetea. Nilitegemea matusi kwa ajili ya gari.

Aliweka beseni chini taratibu.

"Gari nilishanunua lingine," alisema. "Lakini picha ya Baba Eliya niliigeuza, uso ukatazama ukuta. Fundi, miaka tisa namwogopa mume wangu."

Alifuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akauliza lile tambara nililitupa wapi.

Nikalitoa mfukoni. Nilikuwa nimelifua.