Siku Mama Alipopanda Rasini

Daktari alikuwa ameshamkataza Mama kupanda hata ngazi. Goti lake la kushoto lilikuwa limechoka kabisa. Kwa hiyo asubuhi ile, tukiwa jikoni kwetu Jang'ombe, mjini, aliponiambia anataka kwenda rasini, nilidhani ananitania.

"Nnakwenda," alisema. "Ukitaka nifuate, hutaki baki."

Rasi hiyo ni jabali la matumbawe lililotokeza baharini, mbele kidogo ya Kiwengwa, karibu na kijiji alichozaliwa. Ujanani alikuwa akivua pweza pale pamoja na wanawake wenzake, maji yakipwa. Kaka yangu alipopata habari alinipigia simu akanigombeza mimi. Nikamwambia amgombeze Mama mwenyewe. Hakuthubutu.

Tulifika saa nne, maji yameshatoka. Njia ya zamani ilikuwa imezibwa. Hoteli mpya ilikuwa imejenga ukuta mpaka pwani, na mlangoni amekaa mlinzi, mtu mzima mwenye mvi.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nipishe nipite."

"Hapa hapapitwi. Ni kwa wageni wa hoteli tu."

"Mimi nimezaliwa hapa."

Mlinzi alitazama chini. "Najua, mama. Lakini ndivyo nilivyoambiwa."

Akamwita msimamizi, mwanamke kijana, mpole wa maneno. Alitukaribisha tukae mkahawani, tunywe juisi. Rasi tutaiona vizuri kutoka pale.

"Sikuja kuitazama," alisema Mama.

Mimi nilikuwa naona haya. Nilitaka tushukuru, tunywe hiyo juisi, turudi mjini. Mama akageuka, akafuata ukuta mpaka pwani, akapandisha buibui lake, akaingia majini. Ukuta ulikuwa umeishia hapo. Maji yalimfika magotini, kisha mapajani. Nikavua viatu, nikamfuata.

Jabali lile linakata kama kisu. Tulipofika katikati goti lilikataa. Mama akakaa, kiganja kinamtoka damu.

"Turudi, Mama."

"Rudi wewe."

Akaanza kutambaa. Nikamsukuma kwa nyuma, bega langu chini ya nyonga yake, mpaka tukafika juu. Alikaa akitafuta pumzi. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Nlikuja hapa siku baba yako aliponipiga mara ya mwisho. Nna mimba yako. Wazee wakanitaka nirudi kwake, wakasema na tumbo lile nitakwenda wapi. Nikapanda huku, nikakaa mpaka maji yakajaa pande zote, asiweze mtu kuja kunichukua. Yalipotoka, nlikuwa nshaamua."

Maisha yangu yote nilijua kwamba baba ndiye aliyetuacha. Nikamwambia hivyo.

"Aniache yeye?" alisema Mama, na nikaona kwamba neno hilo lilimuudhi kuliko goti.

Nilikishika kiganja chake, nikakifunga kwa ncha ya mtandio wangu. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze kwa nani: kwa baba, ambaye ameshakufa, au kwa wale wazee, au kwangu mimi niliyetaka juisi.

Baadaye msimamizi alitokea upande wa bustani, akatuomba tushuke, wageni wanauliza.

Nilimjibu mimi, kabla ya Mama. "Waambie tumekaa."

Hatukuondoka mpaka maji yaliporudi na kufunika pale tulipopita. Sasa njia ilikuwa moja tu, upande wa bustani ambako maji yalikuwa hayajafika, katikati ya hoteli. Mama aliipita taratibu, ameniegemea, buibui linachuruzika maji kwenye vigae vyeupe, akimsalimia kila mgeni aliyelala kwenye kitanda cha jua. Baadhi yao waliitikia. Mlinzi alifungua mlango hata hatujamfikia.

Goti lilivimba wiki nzima. Kaka alikuja, akagomba hadi akachoka. Mama alimsikiliza, mguu umeinuliwa juu ya mito miwili, kisha akamuuliza kama gari yake itakuwa na nafasi bamvua lijalo, maji yatakapotoka sana tena.

Mwezi uliofuata Kaka alitupeleka. Kijijini tuliwakuta wanawake wanne wa makamo ya Mama, wenzake wa kuvua pweza, wameshajifunga kanga viunoni wanatusubiri. Kaka akabaki garini. Tulimpita mlinzi, tukamsalimia, tukaingia majini sote sita.