Kioo Cheusi cha Masjala

Severina Luvanda alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa karani wa masjala katika kituo kidogo cha afya cha misheni, nje kidogo ya mji wa Iringa. Alitoka kwake Kihesa ukungu haujainuka, shali mbili mabegani, na alipofika aliwajua kwa sura nusu ya watu waliokaa kwenye benchi. Ukimtajia jina la baba yako, alikuambia faili lako liko rafu ya ngapi.

Mwaka jana mafaili yakaingizwa kwenye kompyuta. Makarani walikuwa watatu. Wawili wakashindwa kujifunza, wakaagwa kwa soda na keki. Severina alibaki, lakini tangu siku ile ya keki hakukalia kiti chake kwa raha. Alijiona kama mtu aliyesahauliwa kwenye orodha ya kuagwa, akaamini kwamba siku moja watakumbuka.

Sista Eveline, mkuu wa kituo, alikuwa na sheria moja kuhusu ile kompyuta: ukinyanyuka, hata kama unakwenda kunywa maji, unatoka kwenye akaunti yako, maana humo mna siri za wagonjwa. Kioo kilibaki kinaonyesha saa na majina ya wafanyakazi. Ukirudi unachagua jina lako, unaandika neno la siri, unaendelea.

Siku moja ya Juni Severina alirudi kutoka mapokezi akakuta kioo cheusi. Saa haipo, majina hayapo. Alisukuma mausi, akasubiri kama pumzi mbili. Giza. Akatazama mlangoni kama kuna mtu. Kisha akabonyeza kitufe cha kuwashia, akakishikilia mpaka mngurumo wa mashine ukanyamaza, akawasha upya. Ikawaka. Jasho lilikuwa limemtoka, na asubuhi hiyo watu walikuwa wanaota moto nje.

Ilipotokea tena, alimuuliza Jackline, binti wa chumba cha dawa, akijifanya anauliza tu.

"Mama Aroni, hiyo ni setingi," Jackline alisema, akimwita kwa jina la mwanawe kama wote kituoni. Akamwambia aingie kwenye akaunti yake, kisha Jackline mwenyewe akabofya huku na kule, akaiamuru kompyuta isizime kioo kamwe. "Tayari. Haitazima tena."

Na kweli, akiwa ndani ya akaunti yake kioo hakikuzima. Lakini alipotoka, akaenda mapokezi na kurudi, alikikuta cheusi vilevile. Hapo ndipo hofu ilipomkaa vizuri. Mashine iliyoamriwa na mtu anayejua, bado inakataa. Alijua ni yeye. Kuna kitu mkono wake ulikuwa umekivunja humo ndani, na kila alipokishikilia kile kitufe alikuwa anakivunja zaidi. Hakumwambia mtu. Akaanza kubana mkojo mpaka saa saba ili asitoke kwenye akaunti.

Jumatano alilazimika kunyanyuka. Aliporudi, Daktari Filemoni alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Aroni, nitafutie Vitus Kikoti, miaka minne. Ni nimonia. Mama yake anasema mwaka juzi kuna sindano ilimvimbisha uso, hajui ni sindano gani. Nataka kumchoma sasa hivi."

Kioo kilikuwa cheusi.

Severina alibonyeza kitufe, akakishikilia, akawasha. Safari hii haikuja saa wala majina. Yakaja maandishi meupe, mstari juu ya mstari, yakipanda.

"Inasemaje?"

"Inajikagua, daktari."

"Kwa muda gani?"

Hakujua. Kutoka chumba cha pili alisikia pumzi za mtoto, fupi, zinakwaruza, na sauti ya Lusia, mama yake, akimwambia kwa Kihehe avumilie. Severina alitamani kusema umeme umesumbua. Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni.

"Daktari, usimchome bado," alisema. "Mashine nimeizima vibaya. Ni mimi. Nisubiri."

Akakimbia. Shali moja ilianguka uani, hakuiokota. Kwenye stoo nyuma ya jiko la kituo mafaili ya zamani yalikuwa yamefungiwa kwenye maboksi, na kila boksi lilikuwa na mwandiko wake. Aliangusha mawili kabla ya kulipata la Kikoti. Akalivuta faili kwa haraka mpaka akachana jalada. Ndani, kwa wino mwekundu: *Penisilini asipewe.*

Daktari alisoma akiwa amesimama. Akaweka chini bomba la sindano alilokuwa ameshaliandaa, akaagiza dawa nyingine. Siku ya nne Vitus alirudi nyumbani Kalenga mgongoni kwa mama yake.

Mchana wa Jumatano ile ile Severina aligonga mlango wa Sista Eveline.

"Sista, kompyuta ninaiharibu mimi. Leo ni mara ya nne."

Sista alimtazama. "Na kwa nini hukusema mara ya kwanza?"

"Niliogopa nitaagwa kwa soda."

Sista hakucheka. Alisema tu kwamba fundi anatoka Mbeya Ijumaa, naye ndiye atakayesema kilichoharibika. Siku mbili hizo Severina hakumeza chakula cha maana. Nyumbani alitoa nguo zake za kazi sandukuni akazikunja, akazikunja tena.

Gwakisa, fundi kutoka Ilomba, Mbeya, alikuwa kijana mwenye sweta zito na maneno machache.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Hebu fanya kama unavyofanya siku zote. Toka kwenye akaunti, tukae."

Wakakaa. Baada ya dakika tano kioo kikawa cheusi, na Severina akajishika kifuani.

"Hapa huwa unafanya nini?"

Akamwonyesha kitufe. Gwakisa alitikisa kichwa taratibu, akagusa kibodi mara moja, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika saba, saa ikatokea.

"Kioo hiki kimezeeka, kinachelewa kuamka. Kilikuwa kimelala tu."

"Lakini Jackline alishakiamuru kisilale!"

"Aliiamuru akaunti yako, mama. Ukurasa huu wa kuingilia una setingi zake peke yake. Mfumo unauhesabu kama mtumiaji mwingine kabisa. Ukibadilisha kwako, kule hakusikii. Kule kulikuwa kumepangwa dakika tano."

"Kwa hiyo sikuvunja kitu?"

Gwakisa aliingia kwenye mashine, akapekua rekodi karibu saa nzima kabla ya kujibu. "Kuzima kwa kitufe kuliharibu rekodi za wagonjwa zilizofunguliwa Jumatano asubuhi. Nimezirudisha zote isipokuwa mbili. Usizime tena hivyo. Lakini lile giza halikutoka kwako."

Sista Eveline, aliyekuwa amesimama nyuma yao, aliuliza hizo mbili ni za nani. Gwakisa akasoma namba zake; Severina akawataja wote wawili kwa majina ya baba zao, akasema mafaili yao yako stoo.

"Basi maboksi yarudi humu masjala," Sista alisema. Barua ya kuachishwa haikuja, wala siku hiyo wala baadaye.

Gwakisa alifungua kwenye kioo dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika mistari michache kwenye setingi za ule ukurasa. Halafu akageuka. "Mnatumia sola, kwa hiyo kisipolala kabisa kitamaliza betri. Niweke dakika ngapi?"

Severina alimtazama Sista. Sista naye alikuwa anamtazama yeye.

"Nusu saa," Severina alisema.

Fundi alipoondoka, Severina hakwenda nyumbani. Alitoka kwenye akaunti, akaketi mikono mapajani. Nusu saa ilipotimia kioo kikazima, na moyo ukaruka kama siku ya kwanza. Akagusa kibodi, akahesabu. Kwenye sita, saa ikaonekana. Akasubiri nusu saa nyingine, ajue kwamba haikuwa bahati.